Mwandishi anapopanda gari la mkubwa

Na Mwandishi Wetu, Soni

UKITOKA Mombo kuipanda milima ya Usambara, barabara ya lami hujipinda kona baada ya kona kando ya bonde, hadi inapofika Soni. Hapa maporomoko ya maji huonekana karibu na barabara, na hapa ndipo njia inapogawanyika. Moja huendelea juu kwenda Lushoto. Nyingine hushika upande wa Bumbuli, kwenye mashamba ya chai, viazi na mboga. Hiyo ya pili ndiyo ambayo ombi la kuwekewa lami limesikika kwa miaka mingi, katika mikutano ya kampeni na katika ziara za viongozi.

Mwandishi wa habari aliyeko Tanga mjini au Lushoto, akitaka kujua kwa nini kabichi za mkulima zimeozea shambani wakati wa masika kwa kukosa lori, ana njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni kujilipia nauli: basi, kisha bodaboda, na pengine chumba katika nyumba ya wageni. Ya pili ni kusubiri kiongozi afanye ziara, apande gari la msafara, ale chakula cha msafara, na jioni apokee bahasha ya posho. Kwa mwandishi wa kujitegemea, anayelipwa kwa kila habari iliyotoka gazetini, na ambaye malipo hayo mara nyingine hayafikii hata nauli ya kwenda na kurudi, njia ya pili ndiyo iliyo nyepesi.

Hakuna aliyemtisha. Hakuna hata aliyemwambia aandike nini. Lakini akirudi na kukaa mbele ya kompyuta, barabara ile atakuwa ameiona kupitia dirisha la gari la mkubwa, na wananchi atakuwa amewasikia wakijibu maswali ya mkubwa.

Makala haya yanaeleza jinsi mwandishi anavyoupoteza uhuru wake kwa kuwa karibu na madaraka: chimbuko la tatizo hilo katika historia yetu, namna linavyofanya kazi hivi leo, gharama yake kwa mwananchi wa kawaida, na hatua zinazoweza kulipunguza.

Uhuru wa mwandishi ni nini?

Kwanza ni vyema kuondoa dhana potofu. Uhuru wa mwandishi si uadui na serikali, wala si kazi ya kumtukana kila mwenye cheo. Mwandishi asiyejuana na mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mbunge, diwani na kamanda wa polisi hawezi kuifanya kazi yake. Anawahitaji ili apate takwimu, ufafanuzi na upande wa pili wa kila madai.

Kwa hiyo, uko ukaribu wa kazi na uko ukaribu wa maslahi. Ukaribu wa kazi ni wa mtu anayebisha hodi, anauliza, anaandika majibu na kuondoka. Ukaribu wa maslahi huanza pale mwandishi anapokuwa na kitu cha kupoteza iwapo mwenyeji wake atakasirika: nauli, posho, tangazo la gazeti lake, ahadi ya kazi, au heshima ya kuitwa kwa jina mbele ya watu.

Kipimo chake ni swali moja. Je, mwandishi huyu anaweza kesho kuandika jambo la kweli litakalomuudhi yule aliyekula naye leo, na bado akabaki na kazi yake na mlo wake? Kama jibu ni hapana, uhuru umekwisha kuondoka, hata kama hajawahi kuandika uongo.

Somo la Mbegha na mwandishi wa Wakilindi

Jambo hili si geni katika milima hii. Wazee wa Kisambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Ungulu, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiyaharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama. Kila alipopita aligawa, na kila waliopokea walimwona kuwa mtu wao. Mwisho wa kisa hicho ni kukabidhiwa utawala huko Vuga, si mbali na Soni, ambako ukoo wake wa Wakilindi ulitawala kwa vizazi kadhaa. Yapo mengi ya kujifunza katika simulizi hiyo, na mojawapo ni kwamba mgawaji wa nyama hahitaji kumlazimisha mtu. Shukrani hufanya kazi yote.

Habari hizo zilikuja kuandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali, katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapwa kwa sehemu na wamisheni wa Magila, Muheza, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kutolewa upya mwaka 1962. Ni miongoni mwa kazi kubwa za nathari ya Kiswahili za wakati wake. Hata hivyo, mwandishi wake hakuwa mtazamaji wa mbali. Aliwatumikia watawala wa Kikilindi, na baadaye akawa liwali katika mwambao wa Tanga. Aliyaona mengi kwa sababu alikuwa ndani, na aliyaona kutokea upande wa watawala kwa sababu hiyo hiyo. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alikwenda kukusanya pia simulizi za vijijini, ili ile ya ikulu isibaki peke yake.

Hapo pana mizani nzima ya tatizo letu. Ukaribu humpa mwandishi habari ambazo wengine hawazipati, lakini humchagulia pia mahali pa kusimama anapozitazama.

Kalamu ya serikali

Magazeti ya mwanzo ya Kiswahili nayo yalizaliwa mikononi mwa wenye nguvu. Mengi yalikuwa ya wamisheni, ambao waliacha alama hata katika eneo hili: kiwanda cha uchapaji cha Vuga, chenye anwani yake ya posta Soni, kilianzia kwa Walutheri wa misheni ya Bethel. Mjini Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilichapisha gazeti la Kiongozi kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa waliokuwa wakiliandikia walikuwa walimu, makarani na maakida, yaani watu waliolipwa mshahara na dola ile ile waliyoiandika.

Waingereza walifuata mtindo huo. Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, jarida lililosomwa kwa hamu nchi nzima na kukikuza sana Kiswahili. Lilikuwa na mashairi, habari za miji na mafunzo ya kilimo. Lakini lilikuwa mali ya serikali. Katika miaka ya 1940 na 1950 wakulima wa Mlalo na sehemu nyingine za Usambara walipolazimishwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na wengi wakapinga kwa kuwa kazi ilikuwa nzito na mashamba yalikuwa madogo, gazeti maarufu la lugha yao lilikuwa la yule yule aliyetoa amri ya matuta. Mpango huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa nguvu ya mgomo wa watu, si kwa nguvu ya kalamu.

Harakati za kudai Uhuru zilileta magazeti ya wananchi, kama Mwafrika na Ngurumo, na TANU ikawa na Sauti ya TANU na baadaye Uhuru. Wakati huo mwandishi wa chama alikuwa mpambanaji. Aliyekuwa karibu na Mwalimu Julius Nyerere alikuwa karibu na mtu asiye na gereza wala jeshi. Mambo yalibadilika chama kilipokamata dola. Kalamu ile ile, katika dawati lile lile, sasa ilikuwa ya mtawala.

Kutoka dawati la mhariri hadi Ikulu

Mfano unaojulikana zaidi katika nchi yetu ni wa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa. Mwaka 1966 alikuwa mhariri mtendaji wa magazeti ya chama, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akawa mhariri wa Daily News. Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa mwandishi wa habari wa Rais, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata. Baada ya hapo zilifuata nafasi za ubalozi na uwaziri, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Wakati huo hapakuwa na siri yoyote katika safari hiyo. Katika mfumo wa chama kimoja, uandishi ulitazamwa kuwa idara mojawapo ya ujenzi wa taifa, na mhariri alikuwa kada kama makada wengine.

Lakini hata katika mfumo huo mipaka ilijionyesha. Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard. Mwalimu mwenyewe akawa mhariri mkuu kwa jina, na akatoa mwongozo uliosema kuwa gazeti litakuwa huru kukosoa. Kazi ya kila siku alipewa Frene Ginwala kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1971, baada ya tahariri iliyomkosoa Rais Jaafar Nimeiri wa Sudan, Ginwala aliondolewa. Mwaka uliofuata The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News. Funzo lake ni kwamba uhuru uliotolewa kwa hisani ya mkuu hudumu kwa kadiri hisani hiyo inavyodumu.

Vyama vingi, wamiliki wengi

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, wengi walitarajia kuwa tatizo hili lingekwisha. Magazeti binafsi yalichipuka, redio na televisheni zikafuata, na mwaka 1995 wanahabari wenyewe wakaunda Baraza la Habari Tanzania ili wajisimamie. Ni kweli kwamba uwanja ulipanuka, na kashfa kubwa za miaka ya 2000 ziliandikwa kwa ujasiri ambao haukuwezekana zamani.

Hata hivyo, siasa haikuondoka katika vyumba vya habari. Iliingia kwa mlango wa umiliki. Kampuni ya Sahara ya Mwanza ilikuwa ya Anthony Diallo, aliyekuwa mbunge na waziri wa CCM. Kampuni ya Habari Corporation, iliyochapisha Rai na Mtanzania, iliingia mikononi mwa Rostam Aziz, mbunge wa Igunga na mweka hazina wa CCM, na baadhi ya waanzilishi wake wakaondoka na kuanzisha Raia Mwema mwaka 2007. Upande wa upinzani, Tanzania Daima lilikuwa gazeti la familia ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema. Msomaji aliyetaka kujua ukweli alilazimika kununua magazeti mawili na kukisia lililo katikati.

Umiliki wa mwanasiasa si kosa kisheria. Shida ni kwamba mwandishi aliyeajiriwa humo hujifunza bila kufundishwa ni majina gani ya kuandikwa kwa uangalifu. Hakuna waraka unaobandikwa ukutani. Habari moja ikitupwa kapuni bila maelezo, ya pili haiandikwi.

Pamoja na umiliki, ulipanuka mlango kati ya chumba cha habari na ofisi za wakubwa. Salva Rweyemamu, mmoja wa wahariri mashuhuri, alikuwa mkurugenzi wa mawasiliano ya Rais katika utawala wa Jakaya Kikwete. Gerson Msigwa, aliyetokea utangazaji, alishika nafasi hiyo wakati wa John Magufuli na mwaka 2021 akawa Msemaji Mkuu wa Serikali. Jerry Muro, aliyewahi kuwa mtangazaji wa televisheni ya taifa, aliteuliwa mwaka 2018 kuwa Mkuu wa Wilaya ya Arumeru. Saed Kubenea wa MwanaHALISI, aliyemwagiwa tindikali ofisini kwake Januari 2008, alichaguliwa mwaka 2015 kuwa mbunge wa Ubungo kwa tiketi ya Chadema. Nchini Kenya, Hussein Mohamed, mtangazaji aliyejulikana kwa kuwabana wanasiasa kwa maswali, akawa msemaji wa Ikulu mwaka 2022.

Kuwataja hawa si kuwashutumu. Kila raia ana haki ya kubadili kazi, na serikali inahitaji wasemaji wanaoijua taaluma. Swali linawahusu waliobaki. Kijana aliyeko mkoani anapoona kuwa kilele cha kazi yake si tuzo ya habari bora bali ni uteuzi, ataanza mapema kuandika kama mtu anayeomba kazi. Na msomaji naye ataanza kuuliza, kila anapokutana na sifa nyingi, kama anasoma habari au barua ya maombi.

Bahasha, nauli na tangazo

Kwa waandishi wengi, hasa wa wilayani, uteuzi ni ndoto ya mbali. Kinachowafunga ni vitu vidogo. Kwanza ni posho ya "nauli" inayotolewa na mwenye shughuli baada ya mkutano. Kanuni za maadili za Baraza la Habari zinakataza kupokea kitu kinachoweza kuathiri uandishi, lakini desturi imekuwa na nguvu kuliko kanuni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima kwa wapiga kura, ikaona vinakwenda kinyume cha Katiba. Mpiga kura akaondolewa takrima, lakini bahasha ya mwandishi ikabaki.

Pili ni usafiri. Anayepanda gari la msafara huondoka msafara unapoondoka. Hawezi kubaki nyuma dakika 20 kumsikiliza mama aliyenyimwa nafasi ya kusema mkutanoni.

Tatu ni habari zilizopikwa tayari. Halmashauri, wizara na ofisi za wabunge sasa zina vitengo vya mawasiliano vinavyotuma kwa simu habari iliyokamilika, pamoja na picha na video. Chumba cha habari chenye waandishi wachache huipokea, hubadili sentensi ya kwanza, na kuitoa. Kiongozi amejiandikia sifa zake, na gazeti limempa jina lake bure.

Nne ni matangazo. Serikali na mashirika yake ni wateja wakubwa wa vyombo vya habari nchini. Mhariri anayejua kuwa mishahara ya mwezi inategemea malipo ya matangazo hayo hahitaji kupigiwa simu.

Tano, na hili huzungumzwa kidogo, ni heshima. Kuitwa "ndugu yangu" na waziri, kupewa namba yake ya simu, kupigwa naye picha: mambo haya hayana bei sokoni, lakini hufunga mdomo kuliko fedha. Fedha huisha. Urafiki hudai kulindwa kila siku.

Funzo la kiwanda cha Mponde

Gharama ya haya yote hailipwi na mwandishi. Hulipwa na watu kama wakulima wa chai wa Bumbuli. Kiwanda cha chai cha Mponde, kinachotegemewa na maelfu ya familia za milima hii, kilibinafsishwa katika wimbi la ubinafsishaji la mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadaye ukazuka mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, na mwaka 2013 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2016 serikali ilikirejesha mikononi mwake, na hatimaye kikakabidhiwa kwa mifuko ya PSSSF na WCF ili kifufuliwe.

Kwa miaka hiyo ya kufungwa, majani ya chai yalikomaa shambani bila mnunuzi wa karibu. Mgogoro wenyewe ulikuwa na pande kadhaa: mwekezaji, viongozi wa chama cha wakulima, wanasiasa, serikali, na wakulima ambao nao hawakuwa na sauti moja. Kila upande wenye fedha ungeweza kuita waandishi, kuwapa usafiri na kuwaonyesha upande wake wa hadithi. Upande pekee usioweza kumkodia mwandishi gari ni ule wa mkulima wa nusu ekari.

Katika mgogoro wa namna hiyo, mwananchi anahitaji mtu wa kusoma mkataba wa ubinafsishaji, kuuliza bei ya majani mabichi kwa kilo katika maeneo mengine, kufuatilia hesabu za chama, na kurudi baada ya miezi sita kuuliza ahadi imefikia wapi. Kazi hiyo haifanyiki kutoka kwenye msafara. Mwandishi wa msafara huandika kuwa kiongozi "ameahidi kulivalia njuga suala hilo". Mwandishi huru huuliza aliahidi nini mara iliyopita.

Karoti na fimbo

Itakuwa si haki kuwalaumu waandishi bila kutaja hofu. Ukaribu na wakubwa huvutia zaidi pale umbali unapokuwa hatari. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, mikononi mwa polisi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka masharti ya leseni kwa magazeti na ithibati kwa waandishi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho. Kati ya 2016 na 2020 magazeti kadhaa yalifungiwa, na manne kati yake yakarejeshewa leseni Februari 2022. Oktoba 2024 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti zilisimamishwa kwa siku 30.

Lakini anayedhani kuwa ukaribu ni ngao, na atazame yaliyolipata gazeti la Uhuru. Agosti 2021 gazeti hilo la CCM lilichapisha habari kuwa Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025. Chama kinacholimiliki kililisimamisha na kuwasimamisha viongozi wake, kisha serikali ikalifungia kwa siku 14. Kama gazeti la mwenye nyumba halikusalimika, mpangaji hana sababu ya kujidanganya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waliosimama mbali

Wapo waliothibitisha kuwa inawezekana kufanya vinginevyo, na wengi wao walilipa. Jenerali Ulimwengu aliwahi kuwa mbunge, lakini magazeti aliyoyaongoza hayakuacha kukosoa. Mwaka 2001 serikali ilimwambia si raia. Tido Mhando alitoka BBC mwaka 2006 kuja kuongoza utangazaji wa taifa, na katika uchaguzi wa mwaka 2010 TBC iliwapa nafasi wagombea wa vyama vyote kuhojiwa mbele ya wananchi wa majimbo yao. Desemba mwaka huo mkataba wake haukuongezwa.

Vilevile, Machi 2017, baada ya Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, kuingia katika studio za Clouds usiku akiwa na askari wenye silaha, Jukwaa la Wahariri na wadau wengine walitangaza kuacha kuandika habari zake. Wanahabari walidhihirisha siku hiyo kuwa utegemezi una pande mbili: mwandishi anamhitaji mkubwa, lakini mkubwa anamhitaji mwandishi zaidi.

Nini kifanyike?

Hakuna dawa moja, lakini zipo hatua zilizo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni malipo. Chombo cha habari kisichomlipa mwandishi wake wa wilayani nauli na ujira unaoeleweka kimekwisha kumkabidhi kwa atakayemlipa. Habari moja iliyogharimiwa na gazeti lenyewe ina thamani kuliko kumi za msafara.

La pili ni uwazi. Pale ambapo mwandishi hana budi kusafiri na kiongozi, msomaji aambiwe mwishoni mwa habari ni nani aliyelipia safari hiyo. Sentensi moja inatosha. Vivyo hivyo, habari iliyotoka kitengo cha mawasiliano iandikwe hivyo, isivishwe jina la mwandishi.

La tatu ni muda wa kupumua. Vyumba vya habari vinaweza kukubaliana kuwa mwandishi anayefanya mazungumzo ya kuteuliwa au kugombea aache mara moja kuandika siasa, na anayerudi kutoka kwenye cheo asirudi siku hiyo hiyo katika dawati la siasa.

La nne ni kutimiza yaliyokwisha kuandikwa. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa haki ya kupata habari. Baraza la Habari lina kanuni zake, na mwaka 2011 lilipatikana Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru na uwajibikaji wa uhariri. Kilichopungua si maandishi bali ni mhariri wa kuyasoma mbele ya mwenye gazeti.

La tano linamhusu msomaji. Anayesoma habari ya ziara ajiulize mambo matatu: ni nani mwingine aliyehojiwa zaidi ya kiongozi, ni tarakimu gani iliyothibitishwa na mtu asiye wa ofisi yake, na ahadi iliyotolewa ina tarehe au haina. Gazeti linalojua kuwa wasomaji wake huuliza hivyo litajirekebisha.

Katika soko la Soni, mnunuzi wa viazi hamwachii muuzaji peke yake kazi ya kupima gunia. Husimama karibu na mizani, akaitazama. Si kwamba amemwita muuzaji mwizi. Ndivyo biashara ya haki inavyofanyika. Mwandishi ni mtu wa kusimama karibu na mizani kwa niaba ya wasioweza kufika sokoni. Akishapakatwa na mwenye gunia, wao wa Bumbuli na Mponde watajua uzito wa mzigo wao siku watakapoubeba wenyewe.